Bibi Alichomwa kwa Niaba ya Mjukuu

Shangazi Filomena, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimechanganyikiwa mpaka sijui nianzie wapi, kila nikijieleza naona kama najitetea, na sitaki kujitetea, nataka tu mtu mzima aniambie nifanye nini.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, naishi Kihonda, nasomea kazi ya kuchukua damu za vipimo, na sasa niko fildi kwenye zahanati moja hapa Morogoro mjini, huu ni mwezi wa pili, na mkono wangu kila mtu anausifu, mshipa hata ujifiche vipi naupata mara moja. Tatizo langu ni majina. Chuoni tunafundishwa kwamba kabla ya kumchoma mtu umwombe akutajie jina lake kamili kwa mdomo wake, usimtajie wewe, ulinganishe na fomu, ndipo uandike kwenye kichupa. Sasa mimi nimelelewa na mama Mluguru wa Matombo, ambaye akisikia namuuliza mzee jina lake atanizaba kofi mbele za watu, kwetu mkubwa unamwamkia, unamwita bibi au babu, na ukitaka jina lake unamuuliza mtu wa pembeni. Kwa hiyo wazee huwa nawasomea jina kwenye fomu kwa sauti ya chini, wakiitikia basi. Msimamizi wangu, kaka Abdulswamad, alishanikuta nikifanya hivyo, akanionya kwamba nikirudia ataandika chuoni niondolewe fildi.

Jumatatu wakaja wawili kutoka mlimani, bibi na mjukuu wake wa kike. Mjukuu alibaki nje kwenye benchi, bibi akaingia na fomu mkononi. Imeandikwa Martina Gervas, kwenye umri wameandika mtu mzima, kipimo ni wingi wa damu na kundi la damu. Nikasema shikamoo bibi, Martina? Akasema marahaba mwanangu, ndiye mimi, akanyoosha mkono. Na hakunidanganya, Shangazi, anaitwa Martina kweli, mjukuu amerithi jina la bibi yake, ila mimi hayo sikuyajua kwa sababu sikuuliza. Nikachukua damu, nikaandika kichupa, nikapeleka ndani. Wakati namwekea pamba akaniambia, "Damu yetu ni moja na yule wa kwenye benchi, mama yake nimemzaa mimi." Nikacheka, nikajua ni maneno ya wazee tu.

Saa saba nikatoka kununua chapati, nikawakuta getini wanasubiri gari la kupanda mlimani, majibu wanayo tayari, yameshaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ndipo nikaona tumbo la yule binti, mimba ya miezi minane, na pamba nikaiona kwenye mkono wa bibi peke yake. Binti akaniuliza, "Dada, kwani mimi sichomwi?" Bibi akamjibu kabla yangu, "Wewe tulia, mimi nimeshachomwa kwa niaba yako." Nikaelewa palepale. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, bibi aliona akitoa yeye au akitoa mjukuu ni kitu kilekile, na mwenye mimba anaepushwa sindano. Nilitaka kusema, lakini kaka Abdulswamad alikuwa nyuma yangu anachagua chapati yake, nikageuka kulipia yangu. Gari likaja, wakapanda.

Kadi ya kliniki ya yule binti sasa inasema damu yake inatosha. Mimi niliviona viganja vyake aliposhika mlango wa gari, vimepauka. Rahel, ambaye nasoma naye, anasema ninyamaze kwa sababu bibi na mjukuu damu zao hazipishani sana. Mama nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akasema adabu haijawahi kumdhuru mtu. Nikisema naondolewa, nisiposema chakula hakipiti. Nimelelewa vibaya au nimefundishwa vibaya? Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini, ila jina langu naomba usiliandike.

Binti wa Kihonda


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Gazeti hili linatoka Jumamosi, na barua yako niliifungua Jumatano asubuhi. Mwenye mimba ya miezi minane hasubiri Jumamosi, ndiyo maana nilikupigia simu kabla hata chai yangu haijapoa. Kwa ruhusa yako nawaeleza na wasomaji wengine tuliyoongea. Majina ya wale wawili tumeyabadilisha, ila tumewaachia jina moja wote kama walivyokuwa.

Nilikuambia uache kulia, uvae viatu, uende ukamweleze msimamizi wako. Damu ya bibi, hata iwe nzuri namna gani, haitamsaidia mjukuu siku ya uchungu. Mkunga atasoma kadi, ataona inatosha, hataandaa chochote, na binti akianza kutokwa na damu kule juu watu watashikana uchawi. Na wewe haya uliyajua, ndiyo maana chakula hakipiti. Huyo Rahel mwambie arudie somo la kwanza, na asije akanichoma mimi.

Ulikwenda, nakupongeza kwa hilo. Abdulswamad alifoka, ana haki ya kufoka, kisha akachukua fomu akapiga namba iliyoandikwa pale. Alhamisi Martina mdogo alishushwa mjini, ukamchukua damu wewe mwenyewe, safari hii msimamizi akiwa amesimama nyuma yako. Imeonekana pungufu, tena pungufu ya kulazwa. Yuko wodini hospitali ya mkoa, anahudumiwa. Abdulswamad ameandika chuoni kama alivyoahidi, na watakachoamua hujakijua bado. Hilo utalibeba, binti, ni zito lakini linabebeka. Lile lingine lisingebebeka.

Sasa swali lako. Hukulelewa vibaya, wala hukufundishwa vibaya. Umechanganya tu adabu na woga. Jumatatu ilikuwa woga wa kuuliza, na pale getini ulikuwa woga wa kusema, na mara zote mbili ukauita heshima. Kama chuo kitakurudisha kazini, na hata kama hakitakurudisha, fanya hivi. Mwamkie mzee. Vuta kiti ukae, usimsimamie kichwani. Mwambie, "Bibi, kazi yangu inataka nilisikie jina kutoka kwako mwenyewe, na la baba yako, maana wenye jina kama lako ni wengi." Kesho nenda wodini ukamwombe radhi yule bibi na mjukuu wake, na umweleze kwamba ukoo ni mmoja lakini kila mwili una damu yake. Alikuwa anamsaidia mtoto wake, hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Na kama bado unaogopa, kumbuka Jumatano nilipokupigia. Namba hukuijua. Uliposikia sauti ya mtu mzima ulisema, "Shikamoo, samahani, naongea na nani?" Nina miaka sitini na minne na wajukuu tisa. Nikakutajia jina langu na la baba yangu, wala sikuona umenivunjia heshima.