Kilo Nilizomficha Hamisi

Utange, Jumamosi.

Sabini. Ndivyo nilivyomjibu Hamisi aliponiuliza uzito wangu, nami nikijua wazi kuwa nina kilo tisini na mbili. Watu walikuwa wakitazama.

Mizani ilikuwepo pale uwanjani. Mkewe alipimwa kabla ya kurushwa kwa ndege, lakini mimi, niliyekuwa mwalimu wake wa hesabu, Hamisi aliona haya kunipandisha. "Neno lako latosha, Mwalimu."

Ndege aliyoiunda kwa mikono yake ilikimbia karibu hadi mwisho wa uwanja bila kuinuka. Ilipoinuka, magurudumu yalipita juu ya ua wa michongoma kwa kiasi cha... sitaki kukumbuka.

Tulipotua alinigeukia. "Niwie radhi, Mwalimu. Injini nimeifunga vibaya. Ningekuua."

Nami nikamsamehe! "Usijali, mwanangu," nikasema.

Jioni mkewe alinipigia simu. Hamisi ameifungua injini yote, na anasema ndege ataiuza kama vyuma chakavu.

Nilimwomba ampe simu mumewe, nikamtajia kilo zote. Nilitamani anitukane.

"Alhamdulillahi," alisema, "kumbe injini ni nzima."

Hakuniuliza kwa nini.