Vikombe Vilivyojaa

Kara-Bulak, At-Bashi,
9 Machi 2019.

Mpendwa Dada Zuura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Mgongo wako unaendeleaje? Na ile kazi ya kufagia ngazi za maghorofa, bado wanakuamsha alfajiri? Mama hajambo. Bermet ana miezi mitano na ameota jino. Mimi sijambo nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niandike.

Nimekukasirikia, dada. Kwenye simu siwezi kusema, mama mkwe hukaa karibu. Barua hii anakuletea jirani yetu Toktobek, anayekuja huko Moscow kazini.

Uliambiwa nimewafukuza wageni. Nilikosea kweli. Walikuja shangazi watatu wa mume wangu Talant, na mkamwana ndiye mwenye birika. Unajua kikombe cha mgeni hutiwa kidogo, ili arudishe aongezwe tena na tena. Mimi nilivijaza vyote mpaka ukingoni. Sikutambua nilichofanya hadi shangazi mkubwa alipojifunga kitambaa akasema, "Haya, tunywe twende, mkamwana ameshatuaga." Wenzake wakacheka. Mama mkwe hakucheka.

Dada, ilikuwa siku ya nne sijalala. Tangu nijifungue chakula hakina ladha, nywele sichani. Kuna siku mtoto analia nami namtazama tu. Ninampenda, Zuura, na mkono hauinuki.

Nawe ukapiga simu, hata hukuuliza nalala vipi. Ukasema, "Acha kudeka, Nurzat. Sote tumezaa, na chai tumemimina." Neno hilo limenikaa kooni wiki tatu. Zamani ukisikia sauti yangu tu ulijua pananiuma wapi. Huko mbali masikio yameziba?

Talant anasema nivumilie mpaka arudi msimu wa ujenzi ukiisha. Mama mkwe anasema pepo limenikalia kifuani kwa kuwa nilitoka nje kabla ya siku arobaini. Akanifukiza moshi wa mreteni, nikakohoa siku mbili. Pepo sijui, kifua ndicho kilichotoka mbio.

Nilipompeleka Bermet chanjo, nesi Sonunbu aliniuliza habari zangu mimi, si za mtoto. Nikalia mpaka akafunga mlango. Akaniambia huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, huwapata wengi waliojifungua, na unatibika. Kila siku nitembee na mtoto hadi darajani, na mchana mtu amshike mimi nilale. Tena niende kwa daktari huko mjini Naryn, Jumanne tarehe 26.

Nani amshike? Mama mkwe anasema mkamwana anayelala mchana ni aibu ya nyumba. Na Naryn hakuna kwenda, watu watasema Talant ameoa kichaa.

Mama mkwe anakusikiliza wewe tu, tangu ulipokaa naye siku ya posa. Mpigie kabla ya Jumanne hiyo. Usimwombe anisamehe. Mwambie naumwa.

Nisalimie shemeji Kubat, na umbusu Aizada. Mungu akushike mkono kwenye hizo ngazi zenye barafu.

Usipopiga nitaenda vilevile, nimembeba Bermet, na wa kusema waseme. Nitapona, dada, nina hakika. Ila ningependa kupona nikiwa bado nina dada.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Nurzat