Mafundo ya Mama Chini ya Chupa za Okidi

Mama, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini mkono wangu haujui kukuandikia bila salamu. Niko Mwanza, Nyegezi, nimekaa kwenye kibanda tunachobadilishia nguo. Mgongo unauma na vidole vinanuka spiriti. Mwandiko ni ule ule wa darasa la sita uliokuwa unampelekea katekista akusomee.

Ulipokuwa hai nilikwambia kwenye simu kwamba naotesha maua ndani ya chupa. Ukacheka. "Umekwenda mbali hivyo kupanda kitu kisicholiwa?" Leo nataka nikueleze vizuri, kwa sababu wewe ndiye uliyeniokoa kazini.

Ua lenyewe linaitwa okidi. Letu ni jeupe, koo lake, pale katikati, zambarau. Tunachukua chipukizi la mmea mmoja, tunauita mmea mama, tunalikata vipande vidogo kama punje za mchele na kuviweka kwenye chupa yenye kitu kama uji ulioganda. Kila kipande kinatoa machipukizi. Nayo tunayakata, tunayahamishia chupa nyingine, kisha nyingine. Yote ni mmea ule ule, na yakichanua yanatakiwa yafanane kabisa.

Siku ya kwanza kushika kisu cha kukatia nilikuona wewe bondeni kwetu Kasulu, kiangazi, umeinama kwenye tope ukichomeka marando ya viazi ili mvua zikija tuwe na mbegu. Kila msimu uliorudia mbegu ile ile ulifunga fundo kwenye kamba ya katani pale mlangoni. Mafundo yakifika matano ulinituma kwa mama mkubwa kuomba marando mapya. "Mbegu imechoka," ulisema. "Ukiikata sana inasahau ilikuwa nani."

Basi na mimi kila nilipohamisha machipukizi nilichora chini ya chupa mpya vistari vya ile ya zamani, nikaongeza kimoja. Mimea ilipotoka kwenda kwenye vyungu, nilivihamishia vistari kwenye vibao vidogo vinavyochomekwa humo. Hakuna aliyeniagiza. Sospeter, ninayekaa naye meza moja, alinicheka sana.

"Ninyi watu wa Kigoma, hata maua mnayafanyia dawa?"

"Nyamaza, Msukuma, nisije nikakugeuza kiazi."

Lakini nina kosa langu, mama, na sitakuficha. Vistari vilipopita vitano nilijua. Chupa zile zilikuwa zinazaa sana na bosi alikuwa anazisifu, nikaona nikae kimya. Nikaendelea kukata mpaka vistari tisa.

Mwezi huu yakachanua. Kwenye meza yangu mengine yametoka yamejikunja kama sikio la mbuzi, mengine hayana koo kabisa. Bosi wetu, tunayemwita madam, alisimama mbele ya watu wote akasema aliyechanganya mimea akusanye vitu vyake aondoke. Kila mtu akaniangalia mimi.

"Sijachanganya, madam," nikasema. "Mbegu imechoka."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Kwa mama yangu."

Mtu mmoja akacheka. Mimi sikucheka, wala sikuomba msamaha wa kitu ambacho sikukifanya. Nikamwomba aje aangalie vibao. Vya vistari vitatu, vinne: maua yote meupe, koo zambarau. Vya saba: moja moja limepotoka. Vya tisa: karibu nusu. Madam akachuchumaa na suti yake, akaanza kuhesabu mwenyewe, kibao kwa kibao.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa."

Akainuka akapangusa magoti. "Kesho tunarudi kwenye mmea mama. Na vistari hivyo, kuanzia sasa kila mtu achore." Sospeter akaniuliza kwa sauti ya chini kama vinaanzia kushoto au kulia.

Yaliyopotoka yalikwenda shimoni. Moja niliomba nipewe. Ni jeupe, koo limekuwa kijani, nimeliweka dirishani chumbani kwangu. Nikiliangalia najifikiria mwenyewe. Nimehamishwa mara nyingi, mama: kambi ya dagaa, machimbo, saruji, sasa chupa. Basi liliponifikisha nyumbani siku ile, walikuwa wameshamaliza kukuzika, na watoto wa dada wakaniuliza mimi ni nani. Nilirudi huku Mwanza nikidhani nimekwisha kusahau nilikuwa nani. Kumbe mkono ulikuwa unachora mafundo yako siku zote.

Nimeomba likizo, nimepewa. Dada anasema kamba bado iko mlangoni, ina mafundo manne, hakuna aliyeigusa tangu uondoke. La tano nitakuja kulifunga mimi, kisha nitakwenda kwa mama mkubwa kuomba marando.

Pumzika, mama. Bondeni nitashuka mimi.

Kitindamimba wako