Chanjo ya Nne

Migori, 9 Septemba 2020

Mdogo wangu Damaris,

Hamjambo huko Homa Bay? Shemeji je, na dagaa zako za omena zinauzika? Sisi tunapumua tu. Onchiri wangu ametoka wodini jana. Hii ni malaria ya tatu mwaka huu, na safari hii wamemwongezea damu.

Mama ameniambia Nyatichi wako amepewa chanjo mpya ya malaria. Nami nikabeba kijitabu cha kliniki cha Onchiri mpaka huko. Nesi akasema, “Mama, upande wenu haujachaguliwa bado. Ngojeni.” Watoto waliozaliwa wiki moja! Kwani mbu anajua mpaka? Nimlete kwako, umwandikishe kama wako.

Dada yako,
Edith

Homa Bay, 2 Oktoba 2020

Dada Edith,

Pole sana na Onchiri, tunamwombea. Nilimuuliza nesi wetu. Anasema wanaangalia kijitabu na mahali mama anapokaa, na akidanganya atapoteza kazi. Siwezi, dada, nisamehe. Nyatichi sasa ana chanjo mbili na homa hata hajaijua. Anacheka tu. Nimempa jirani yangu Bitutu neti mbili akuletee akija soko la Rongo huko kwenu.

Mdogo wako,
Damaris

Migori, 20 Januari 2022

Damaris,

Salamu kwenu nyote. Nyatichi anakaribia miaka miwili, na najua watakuita kwa chanjo ya nne, ile ya mwisho. Nakuonya kwa sababu ni damu yangu. Hapa Rongo kuna mtoto alipewa hiyo ya nne, miguu ikakataa kutembea. Nimemwona kwa macho yangu. Ukienda, usiseme sikukuambia.

Dada yako,
Edith

Homa Bay, 11 Juni 2022

Dada,

Natumai mko salama. Sisi hatuko salama. Nilikusikiliza, sikumpeleka. Mwezi uliopita Nyatichi alishikwa na degedege, akalala siku nne bila kufungua macho. Ni malaria iliyopanda kichwani. Ameamka, lakini mkono wa kushoto hauinuki vizuri.

Nilimweleza daktari habari ya yule mtoto wa Rongo. Akataka jina, afuatilie. Dada, mama yake anaitwa nani?

Mdogo wako,
Damaris

Migori, 27 Machi 2023

Damaris mdogo wangu,

Miezi tisa nimeshindwa kukujibu, na hata salamu naona haya kuzileta. Hakuna mama huyo. Hakuna mtoto huyo. Nilimtunga mimi.

Uliponiandikia kwamba Nyatichi hajui homa, barua niliisoma kwenye benchi la wodini, Onchiri amerudishwa tena, amelala mapajani. Nilitaka siku moja nawe ukalie benchi lile. Siku moja tu, Damaris, si zaidi.

Sasa chanjo imefika kwetu. Leo Mong'ina, kitinda mimba wangu, amepata ya kwanza. Mama wengine walikuwa wakipiga vigelegele. Mimi nilishindwa hata kumwangalia nesi usoni.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo,
Edith

Homa Bay, 15 Aprili 2023

Edith,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikampa mume wangu aisome.

Daktari anasema chanjo haizuii kila malaria. Labda Nyatichi angeugua hata kama angeimaliza. Hiyo “labda” nitakaa nayo, nawe ukae nayo.

Mpeleke Mong'ina kwa ya pili, na kwa ya tatu. Usikose hata moja. Siku ya chanjo ya nne nitakuja mwenyewe, nimbebe mpaka kliniki. Kabla ya siku hiyo, usinitafute.

Mama Nyatichi