Siku Tuliyomsubiri Mbuthia

S.L.P. 318,
Riruta, Nairobi.
16 Juni 2004

Mpendwa Khalati Khamisa,

Jambo hili sijamwambia yeyote: Jumatatu nililia darasani, kichwa nimekiinamisha chini ya dawati kana kwamba natafuta kalamu. Lakini ngoja kwanza nikuamkie. Shikamoo. U hali gani, na mguu wako je? Sisi hatujambo. Baba bado anashinda dukani mjini, na baridi ya huku imetuvalisha sweta mbilimbili.

Mama amenieleza kwamba unataka kumtoa mwanao Muzammil shuleni kwa sababu wenzake wanakicheka kigugumizi chake. Ndiyo maana naandika.

Darasani kwetu yuko Mbuthia, mvulana wa Kabiria, naye ana kigugumizi. Tamthilia huwa tunaisoma kwa sauti, kila mtu na nafasi yake, lakini yeye alikuwa hapewi hata ya askari wa mlangoni. Akijaribu kusema, Odero hupaza sauti: "Gari imekwama! Tusukume?" Nami, kwa kumhurumia, nilikuwa nikimmalizia maneno.

Mwalimu Were, aliyekuja muhula huu, alimwita kando akamwuliza anataka nafasi gani. Akachagua mfalme! Kisha mwalimu akatuambia, "Hakuna kucheka, na hakuna kumsaidia neno. Neno ni lake. Tutamsubiri."

Mfalme ana hotuba ya ukurasa mzima, Khalati. Jumatatu hiyo Mbuthia alisimama. Neno la kwanza likakataa, likakataa tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mwalimu alimtazama tu, ametulia kama mtu asiye na safari. Kengele ya chai ikalia, madarasa mengine yakamwagika uwanjani. Kwetu hakuna aliyeinuka, hata Odero. Mbuthia alisoma hadi nukta ya mwisho. Aligugumiza mpaka mwisho, lakini alikuwa mfalme. Sijui niliseme vipi. Sijawahi kusikia kimya kikubwa kama kile.

"Mfalme, chai imeisha juu yako, bana!" Odero akamwambia tukitoka, na aliyecheka zaidi ni Mbuthia.

Khalati, nakuomba usimtoe Muzammil. Mwone mwalimu wake kwanza, umsimulie haya.

Mchana nilimkuta Mbuthia bombani. Alianza kuniambia jambo, akakwama kwenye neno ambalo niliona nalijua. Nikafunga mdomo, nikasubiri hadi akalisema mwenyewe. Kumbe silo nililodhani.

Nisalimie Muzammil na Ami Mbarak. Mungu awape afya, na mtoto ampe watu wa kumsubiri.

Mwanao akupendaye,
Mahira