Mahindi Bapa Hayamwagiki Kama Ngano

Jumatano jioni, Kaloleni. Jua bado kali, vumbi, na mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Polisi wameniachia kwa dhamana, kesho niko korti ya Makadara. Nimempiga nyapara wetu wa kazini kwa mpini wa shoka.

Wacha niandike vile ilikuwa, kabla watu hawajanipangia maneno.

Kiwandani kwetu Baba Dogo tumezoea kusaga ngano. Punje zake ni za mviringo. Ukifungua mdomo wa tangi kule chini, zinateleza zenyewe. Wiki hii tumeletewa mahindi ya manjano, haya ya msaada wa njaa. Ni bapa, yana pembe, na mengi yamevunjika. Hayo hayatelezi ng'o. Yanakabana pale mdomoni, yanajijengea dari, na chini yake kunabaki shimo. Ukiwa juu unaona sakafu nzuri kabisa.

Nyapara alimwambia Mutua, mume wa dada yangu, apande ndani akayachokore kwa mti. Nilisema hapana, tugonge tangi kutoka nje kwa nyundo.

"Tangi lina mwenyewe," akasema. "Halibondwi."

Mutua akaingia. Dari ikavunjika, mahindi yakammeza mpaka kifuani.

Tulimvuta kwa kamba, akapiga mayowe. Kila akitoa pumzi, punje zilijipachika pale kifua kilipoachia nafasi, na hakikuweza kupanuka tena. Midomo ikageuka rangi. Nikachukua shoka la ukutani nipasue tangi, yamwagike. Nyapara akanizuia, mikono ameitandaza, analinda bati.

Nikampiga, akaanguka. Nikapasua tangi mpaka mahindi yakatapika nje na Mutua akaporomoka nayo, mbavu zimevunjika, lakini yuko hai.

Leo dada yangu Ndinda ameniletea chai, akanishika mkono akilia. "Kaka, ungengoja ruhusa, saa hii mimi ni mjane." Mtaa mzima unasema hivyo hivyo.

Hakuna aliyeuliza kwa nini taya la nyapara limevunjika pande zote mbili.

Mutua alipokuwa ameshatoka, nilimrudia nyapara. Alikuwa chini, ananiomba. Nilimpiga tena, na tena, na nilisikia raha. Raha tamu sana. Mutua alikuwa amelala pale kwenye mahindi, ananitazama.

Leo mchana nilienda kumwona Mutua hospitalini. Alinigeuzia kisogo, akaangalia ukuta mpaka nikaondoka.

Kesho hakimu akiniuliza nilimpigia nini yule mtu, nitasema nilimpigania shemeji yangu. Pigo la kwanza ni kweli. Na hayo mengine, nitasema nilimpigia nani?