Watoto wa dume jeupe

Malava, Jumamosi

Hawa watoto wa nguruwe wangu ni wazito kweli! Leo tumewapima pamoja na wa jirani yangu Mama Nafula, waliozaliwa wiki moja nao. Wake ni wa kienyeji watupu. Baba ya wangu ni lile dume jeupe aliloliacha mzungu aliyehama baada ya Uhuru. Hata yule mdogo kabisa kati ya wangu amemshinda uzito mkubwa kabisa wa Mama Nafula, na bado wananyonya!

Mama mkwe, aliyeapa kwamba mchanganyiko huo ungeniulia nguruwe wangu, aliinama akaitazama mizani. “Mpime tena.” Nikampima tena.

Wasiwasi wangu ni mama yao. Wanamnyonya mpaka mbavu zinaonekana. Kesho nimwongezee viazi vitamu, na labda...

Wakati wa kuondoka mama mkwe aliniita kando. “Mama Wekesa,” akasema polepole, “ukiwaachisha kunyonya, nichagulie jike moja.”